Vitabu Vilifika, Alama Hazikupanda
Mwaka 1996, shule 25 za msingi katika wilaya za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, zilipewa vitabu vya kiada bure. Watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walipozilinganisha na shule ambazo hazikupewa, wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wakifanya vizuri. Wengi wa waliosalia hawakuweza kuvisoma: viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi wa huko, baada ya ile ya nyumbani na Kiswahili. Inauma. Kuanzia 2018 serikali ya Kenya imekuwa ikipeleka vitabu moja kwa moja shuleni, hatua njema kabisa. Ila wanaohesabu nakala stoo wanapaswa pia kumsikiliza mtoto wa gredi ya nne akisoma ukurasa mmoja.