Gari la Pwani Katika Hewa ya Milima



Katika Suratul An'aam, aya ya 125, Mwenyezi Mungu (S.W.) amekipigia mfano kifua cha mtu aliyeachwa katika upotevu: kimebanwa na dhiki mfano wa anayejikongoja kuelekea mbinguni. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameona humo ishara ya jambo ambalo kila aliyepanda mlima mrefu analifahamu, kwamba kadiri mtu anavyokwenda juu, ndivyo hewa inavyokuwa chache na pumzi kuwa nzito. Linalompata mwanadamu huipata pia injini ya gari lake, kwani nayo huishi kwa kuvuta hewa. Juma hili tulitazame jambo hilo, kwa kuwa linagusa mifuko ya familia zetu, vifua vya watoto wetu na haki za majirani zetu.

Watu wa Tanga tuna safari ambayo wakazi wa miji mingi ya pwani hawanayo. Mtu huondoka Ngamiani baada ya sala ya Alfajiri, akapita Muheza, Segera na Korogwe, akakunja kona Mombo, akapanda kupitia Soni, na kabla ya Adhuhuri yuko Lushoto. Ametoka usawa wa bahari na kufika mita 1,400 hivi, na sehemu kubwa ya mwinuko huo ameupanda katika kilomita 33 za mwisho. Twaenda kwa arusi, kwa mazishi na kwa kuunga udugu. Magari ya mboga na matunda nayo huteremka kila siku kuja kutulisha.

Pwani, kanieneo ya hewa ni kilopaskali 101 hivi. Lushoto ni 86 hivi. Maana yake ni kwamba kila injini inapovuta pumzi huko juu hupata hewa pungufu kwa asilimia 13 hadi 15. Nayo petroli, ili iungue sawasawa, huhitaji gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta. Hewa ikipungua na mafuta yasipungue kwa kiasi kinachostahiki, mizani huharibika. Mafuta yasiyoungua vizuri hutoka kwenye ekzosi yakiwa masizi meusi, pamoja na gesi ya kaboni monoksidi ambayo haionekani wala hainuki, na ambayo huua.

Hapa yatupasa kutofautisha magari, kwani hukumu ya moja si hukumu ya jingine.

Gari la kisasa la petroli, lenye kompyuta ya kuongoza mafuta, hujirekebisha lenyewe. Sensa zake hupima hewa inayoingia, na sensa ya oksijeni iliyopo kwenye ekzosi huipa kompyuta habari ya moshi unaotoka, ili mafuta yapunguzwe au yaongezwe. Mwenye gari hili hana la kufungua wala la kukaza. Akiona nguvu zimepungua kwenye kona za Soni, ajue kuwa gari halijaugua; hewa ndiyo iliyopungua. Na aweke gia ndogo, apande kwa subira.

Gari la zamani lenye kabureta halina akili hiyo, na vivyo hivyo pikipiki nyingi za bodaboda. Kabureta iliyopangwa Tanga, ikifika Lushoto, hutoa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Plagi huingia masizi, injini hukohoa na mafuta hupotea bure. Anayekwenda kwa siku mbili na kurudi hana haja ya kuigusa. Lakini aliyenunua pikipiki pwani ili aifanyie kazi Lushoto au Mlalo mwaka mzima, na ampelekee fundi wa huko huko airekebishe. Afahamu pia kuwa skrubu ya mchanganyiko hutawala zaidi injini inapokuwa kwenye silensa. Inapobeba mzigo, mwenye amri ni jeti kubwa, na pengine hiyo ndiyo itakayohitaji kubadilishwa kwa yenye tundu dogo zaidi.

Na hapa wengi husahau nusu ya pili ya jambo. Chombo kilichopunguziwa mafuta mlimani kikiteremshwa pwani bila kurekebishwa tena, hewa huwa nyingi na mafuta machache. Injini hupata joto kupita kiasi, hugonga, na vali zake zaweza kuungua. Kipimo cha mlima ni cha mlima, na cha pwani ni cha pwani.

Ama magari ya dizeli ya zamani, yenye pampu isiyopima hewa, dereva anapokandamiza mafuta mlimani pampu humwaga kiasi kile kile ilichozoea kumwaga bondeni. Ndio moshi mweusi tunaouona nyuma ya malori. Aliyeongeza mafuta kwenye pampu ili gari lipande kwa kasi amenunua moshi zaidi kuliko nguvu.

Ndugu msomaji, lililonisukuma kuandika haya ni jambo moja ambalo limeenea katika gereji zetu. Mtu hulalamika kuwa gari lake halipandi mlima, akaambiwa: "Toa masega, litakuwa jepesi." Masega hayo, yaliyo ndani ya bomba la ekzosi, yamepakwa madini ya thamani kama platinamu, paladiamu na rodiamu. Kazi yake ni kuigeuza sumu ya moshi kabla haijatoka nje. Kwa sababu ya thamani ya madini hayo yana wanunuzi, na mara nyingi mwenye gari hupewa fedha kidogo na kuondoka akidhani amepata faida mbili.

Ukweli ni kwamba masega mazima hayalizuii gari kupanda Lushoto. Yakiwa yameziba, kweli huliua nguvu. Lakini kuziba huko kuna chanzo chake, kama vile injini inayokula oili, plagi zilizochoka au mafuta yanayozidi. Dawa ni kutibu chanzo, kisha kuweka masega mengine. Wala hatuwezi tena kusingizia petroli yenye risasi, ambayo huyaharibu masega. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zimeachana nayo tangu mwanzoni mwa mwaka 2006.

Wapo watakaosema kuwa mlima una udhuru wake. Ni kweli, lakini udhuru una mipaka. Marekani, katika marekebisho ya mwaka 1977 ya Sheria ya Hewa Safi, iliruhusu mfumo wa moshi wa gari urekebishwe kwa ajili ya mwinuko, kwa sharti kwamba yafuatwe maelekezo ya mtengenezaji yaliyoidhinishwa na serikali. Sheria hiyo hiyo inakataza kuung'oa au kuuzima mfumo huo. Kurekebisha ni jambo moja na kung'oa ni jambo jingine. Mwanafunzi wa fiqhi hataliona hilo kuwa geni: ruhusa ya dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura yenyewe.

Sisi tuna hoja nzito zaidi ya sheria ya nchi yoyote. Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana, na juu ya mafundisho hayo wanazuoni wamejenga mojawapo ya kanuni kuu za fiqhi. Moshi wa gari langu hauishii kwangu. Unaingia dirisha la madrasa, unamfikia mama aliyempakata mtoto mwenye pumu, na unamfuata mzee anayeelekea msikitini kwa miguu.

Liko na suala la biashara. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu uliofichwa chini, naye akamkemea vikali muuzaji na kumwambia aiweke iliyolowa juu ili watu waione. Anayeuza gari lililotolewa masega bila kumwambia mnunuzi, au aliyeichezea taa ya injini ili isiwake, na ajipime kwa kisa hicho. Tofauti ni kwamba kilichofichwa chini ya gari ni kigumu zaidi kukiona.

Kwa hiyo, baba unayepanga kuwapeleka watoto milimani likizo hii, safisha au badilisha chujio la hewa, kagua plagi, na taa ya injini ikiwaka tafuta fundi mwenye kipimo badala ya mwenye kuchomoa soketi. Usimruhusu mtu kukung'olea kitu bila kukueleza kazi yake. Mkisimama kupumzika, zima injini. Usiwaache watoto wamelala ndani ya gari linalonguruma huku vioo vimefungwa. Nawe fundi, gari uliloachiwa ni amana mkononi mwako, pamoja na sehemu zake ambazo mwenyewe hazijui.

Mwenyezi Mungu atujaalie salama katika kupanda na kuteremka, na atuepushe na kuwa sababu ya madhara kwa viumbe vyake. Wallaahu a'lam.