Pumba za Ifakara zisiishie kuchomwa moto

Kila mwaka baada ya mavuno, mpunga unapoanza kumiminika kutoka mashambani, mashine za kukoboa za Ifakara huzungukwa na vilima vya pumba. Sizungumzii pumba laini za kulishia kuku, bali yale maganda magumu. Katika kila kilo 100 za mpunga, takriban kilo 20 ni maganda. Mafundi matofali huchukua sehemu ya kuchomea tanuri zao, lakini mengine huteketezwa bure na kuacha majirani wakikohoa.

Kwa maoni yangu, lundo lile ni mtaji. Tutengeneze vyungu vikubwa, vyepesi, vya kupandia mboga na maua.

Kwa nini vyepesi? Chungu cha saruji na mchanga mtupu ni mzigo. Mteja mwenye baiskeli hawezi kuondoka nacho. Cha maganda kina nafuu. Pili, bonde letu hujaa maji. Masika yakikolea na mto Lumemo ukifurika, bustani za uani huzama. Mama aliyezoea kuchuma mchicha wake hulazimika kununua fungu sokoni, wakati mpunga bado uko shambani na mfukoni hamna kitu. Mchicha ulio ndani ya chungu, juu ya matofali, una nafasi ya kusalimika.

Wapo watakaouliza kalibu zitatoka wapi. Ziko nyumbani. Beseni kubwa huwa kalibu ya nje na ndoo huwa ya ndani, nafasi kati yake iwe vidole vitatu. Asiye na beseni achimbe shimo kwenye udongo mgumu na kutandika nailoni. Beseni na ndoo zipakwe mafuta ya kupikia ili saruji isigande.

Anza na sehemu moja ya saruji, moja ya mchanga na mbili za maganda, ukijaribu chungu kidogo kwanza. Maganda yalowekwe usiku kucha katika maji ya chokaa kisha yaoshwe, kwani yana vitu vinavyochelewesha saruji kushika. Vaa glavu, saruji hubabua. Chungu kikishika, kifunike kwa magunia yenye unyevu kwa wiki moja, halafu kijaze maji na kuyamwaga mara kadhaa kabla ya kupanda.

Matundu ya chini ni lazima. Maji yakituama huozesha mizizi na kuzalisha mbu, na sisi wa mji wenye Taasisi ya Afya Ifakara hatuna kisingizio cha kutojua habari za mbu.

Kasoro ipo: chungu hiki si imara kama cha zege. Muuzaji amweleze mteja ukweli, wala asipunje saruji ili kuongeza faida. Saruji ndiyo gharama kubwa, hivyo hesabu kwanza mfuko wa kilo 50 unatoa vyungu vingapi, ndipo upange bei.

Vikundi vya akina mama na vijana visisubiri semina wala mkopo. Kiangazi ndio wakati wake: pumba zipo, jua lipo, na kazi za shamba zimepungua. Beseni moja na mfuko mmoja wa saruji vinatosha kuanzia, ili masika yajayo yakute mboga zetu zimeinuliwa juu ya maji.