Dira 2050: mbona mtaa hauna meno?

Wadau, tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 pale Dodoma, Julai 17, 2025, kuna namba moja inayozunguka kwenye kila semina na kila kipindi cha redio: uchumi wa dola trilioni 1. Inafuatiwa na nyingine, pato la dola 7,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Sina ugomvi na namba hizo. Taifa lisilojua linakokwenda litapelekwa na wengine.

Ila mimi kilichonivuta zaidi ni kipande ambacho hakisemwi sana redioni. Tume ya Mipango, ambayo ndiyo iliyoisimamia kazi hii, imeisimamisha Dira juu ya nguzo tatu: uchumi, watu na maendeleo ya jamii, na mazingira. Chini ya nguzo zote umewekwa msingi wa utawala, amani na utulivu. Kwa maneno mengine, serikali inatuambia kwamba mwaka 2050 haitoshi tuwe na hela, lazima pia tuwe jamii inayoishi vizuri. Safi kabisa. Sasa naomba tuulizane: jamii hiyo inaishi wapi? Haiishi Dodoma, na wala haiishi kwenye halmashauri. Inaishi mtaani, na mtaa ndio ngazi tuliyoinyima karibu kila kitu.

Kabla sijafika huko, tutende haki kwa Dira iliyotangulia. Dira ya 2025 ilizinduliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 ikiahidi maisha bora, jamii iliyoelimika na kutokomezwa kwa umaskini uliokithiri. Yapo yaliyofanyika. Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne. Vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Anayesema hakuna kilichofanyika aende akamwulize mama yake.

Lakini angalia na hili. Julai 2020 Benki ya Dunia ilitutangaza kuwa nchi ya kipato cha kati, miaka mitano kabla ya muda tuliojiwekea. Tukashangilia. Wakati huohuo, tafiti za bajeti za kaya zinaonesha kuwa umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Hata pointi mbili hazifiki kwa miaka sita! Wastani wa taifa unaweza kupanda huku jirani yako yuko palepale. Ndiyo maana nasema ustawi wa jamii hauwezi kusubiri wastani.

Hebu tujiulize, kwa sasa ustawi huo unashikiliwa na nani? Mtu akifiwa Mbagala au Manzese, wa kwanza kufika na turubai na sufuria si afisa ustawi. Ni majirani, na ni kile kikundi cha kufa na kuzikana. Mama lishe anayetaka kuongeza mtaji haanzii benki, anaanzia VICOBA au mchezo wa kupeana. Serikali yenyewe inaijua nguvu hiyo, ndiyo maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliviweka vikundi hivyo kwenye daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Kwenye usajili tunakumbukwa haraka sana...

Na baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, zilipotokea ghasia, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa na Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia jioni. Siku zile marafiki elfu wa mtandaoni hawakuwa na msaada. Aliyekuwa na unga alimgawia asiyekuwa nao, na aliyekuwa na habari aliipenyeza ukutani. Kila mtu ana maoni yake kuhusu siku zile, na yenye uchungu ni mengi. Lakini nadhani hili tunakubaliana: amani inayotajwa kwenye msingi wa Dira huanza na watu wanaojuana.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo kichekesho kilipo. Mtanzania anayeishi kijijini ana chombo chake. Kijiji kina mkutano mkuu wa watu wazima wote, na kina halmashauri inayotambulika kisheria, inayoweza kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa, na kupendekeza sheria zake ndogo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hata ardhi ya kijiji haigawiwi bila kupita kwa wanakijiji. Utekelezaji wake una kasoro nyingi, najua. Lakini meno yapo.

Mtanzania huyohuyo akipanda basi na kuhamia Dar, Mwanza au Mbeya, meno anayaacha stendi. Mtaa una mwenyekiti na kamati waliochaguliwa, ila kazi yao kubwa ni kushauri na kupeleka taarifa kwenye kata. Hauwezi kutunga sheria ndogo na hauna mfuko wake wa maana. Kiwanja cha wazi ambacho watoto wanachezea mpira kikimegwa usiku na mwenye nguvu, mwenyekiti anaandika barua, basi. Ndiyo maana wengi wetu vijana wasomi tunaijua serikali ya mtaa kwa jambo moja tu: barua ya utambulisho na mhuri.

Na huko mijini ndiko tunakoelekea. Sensa ya 2012 ilikuta chini ya asilimia 30 ya Watanzania wakiishi mijini. Ile ya 2022 ikakuta karibu asilimia 35. Ukiifuata njia hiyo hadi 2050 utaona kwamba sehemu kubwa sana ya taifa la dola trilioni 1 itaishi mahali ambapo ngazi ya chini kabisa ya serikali haina uwezo wa kulinda hata kiwanja cha mpira. Huu si mpango wa kuimarisha jamii. Ni kujenga ghorofa na kusahau ngazi.

Fedha nazo zimekuwa zikienda upande uleule, juu. Kodi ya majengo ilikuwa chanzo cha asili cha halmashauri za mijini. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ukapelekwa TRA, na mwaka 2021 tukaanza kukatwa kupitia LUKU. Kwa mkusanyaji ni rahisi, sibishi. Lakini mwananchi anayenunua umeme hajui tena kwamba amelipia taa ya barabarani na mtaro wa mtaani kwake, na asiyejua amelipia nini hawezi kudai. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya udhaifu na ubadhirifu, ikarejeshwa mwaka 2024. Mtaani ndiko wanakojua kikundi kipi ni cha kweli na kipi ni cha kwenye karatasi. Nguvu ya uamuzi ikikaa mbali nao, vikundi hewa vinapata upenyo.

Halafu kuna kura. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, CCM ilitangazwa kupata zaidi ya asilimia 98 ya nafasi, huku wapinzani wakilalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa. Mpenzi wa CCM naye ajiulize: mwenyekiti anayejua kwamba kikwazo chake ni fomu na si majirani zake, atamsikiliza nani mwaka mzima? Bado kuna mjumbe wa nyumba kumi, ambaye ni kiongozi wa shina la chama, lakini zaidi ya miaka thelathini tangu vyama vingi virejeshwe mwaka 1992 bado watu wanapelekewa shida zao kwake kana kwamba ni ofisi ya wote. Jamii moja haijengwi kwa kupitia mlango wa chama kimoja, chama chochote kile.

Najua hoja ya upande wa pili. Ukizungumza na watumishi wa serikali wanakuambia: bwana, wenyeviti wa mitaa hao hao ndio wanaoshuhudia mauziano ya kiwanja kimoja mara tatu, leo unataka tuwape fedha? Hoja ina uzito. Lakini mtu asiyekuwa na mamlaka halali wala posho ya kueleweka, akiwa na mhuri tu, atauza nini zaidi ya mhuri? Dawa ya ofisi dhaifu ni kuipa kazi ya wazi, hesabu zinazobandikwa ukutani, na mkutano ambao wananchi wanaweza kumwajibisha mtu.

Katiba yetu, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Haikusema yafike hadi halmashauri yakapumzike. Kwa hiyo ombi langu kwa Tume ya Mipango ni dogo. Utekelezaji wa Dira umepangwa kuanza Julai 2026. Kwenye mipango ya miaka mitano mitano itakayofuata, wekeni mambo matatu yanayopimika: mtaa upewe hadhi ya kisheria kama kijiji, sehemu inayojulikana ya kodi ya majengo irudi mtaani ilikotoka, na kila mtaa uwe na eneo la wazi lililopimwa na kusajiliwa, ambalo haliwezi kubadilishwa matumizi bila mkutano wa wakazi. Kisha kila mwaka mtuambie ni mitaa mingapi imefikia hapo, kama mnavyotuambia ukuaji wa pato la taifa.

Na sisi tunaopenda kuchambua siasa za Marekani hadi usiku wa manane, tuhudhurie mkutano wa mtaa ukiitishwa. Usipoitishwa, tuulize kwa nini. Mwaka 2050 wengi wetu tutakuwa wazee, tumekaa barazani, na tutahitaji jirani kuliko tutakavyohitaji wastani wa dola 7,000.

Naomba kutoa hoja.