Mapumziko ya Mwisho wa Wiki Mjini

Imezoeleka kufikiriwa kwamba anayetaka kupumzika mwisho wa wiki hana budi kuukimbia mji: aende Paje au Nungwi, akae ufukweni, arejee Jumapili jioni. Hatuna ugomvi na fikra hiyo, lakini wananchi walio wengi wa visiwa hivi hawapumziki hivyo. Wao huenda kinyume. Ikifika Jumamosi, mtu wa Mkokotoni au wa Makunduchi huwavalisha wanawe nguo za kutokea, wakapanda gari ya shamba hadi mjini, na mapumziko yao ni huo mji wenyewe: kuzunguka Darajani, kupita Mkunazini, kutokea Shangani, kisha kuteremka pwani kupunga upepo. Ndugu zetu wa Pemba nao, wapatapo nafasi ya kuvuka, hupenda kufanya hivyo hivyo.

Jambo hili ni la kuonewa fakhari. Iko miji mikubwa duniani ambayo mitaa yake ya biashara hufa kila Ijumaa jioni. Sehemu ya London iitwayo City, ambayo ni kitovu cha mabenki ya Uingereza, siku ya Jumapili huwa kimya, kwani wanaofanya kazi pale ni maelfu kwa maelfu na wanaolala pale ni wachache mno. Mji Mkongwe wetu haujafika huko. Juu ya duka mna nyumba, ndani ya nyumba mna watu, na nje ya mlango ipo baraza. Pale Sokomuhogo mtu hukaa na kikombe chake cha kahawa, akasikiliza mabishano ya mpira na siasa, akatazama dhumna, wala haulizwi amekuja kununua nini.

Baraza hizo ndizo tunazoziogopea. Katika mitaa kama Gizenga na Hurumzi, nyingi zimefunikwa vinyago, vitambaa na picha za kuchora tangu asubuhi hadi usiku. Hatuwalaumu wenye maduka. Wanatafuta riziki, na utalii ni nguzo ya uchumi wetu. Lakini baraza haikujengwa iwe kabati. Ilijengwa mtu akae, na mzee aliyechoka njiani akiiona imejaa bidhaa hana budi kusimama au kurudi kwake. Pia nyumba ya kukaa watu inapogeuzwa hoteli, wenyewe huhamia ng'ambo na baraza hubaki na mitungi ya maua. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, ina kazi kubwa ya kulinda mawe, chokaa na milango. Tunaiomba iihesabu baraza iliyo wazi kuwa ni sehemu ya urithi ule ule ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Forodhani ni mfano wa mambo kufanywa vyema. Jina lenyewe latukumbusha kuwa pale palikuwa mahali pa ushuru, kabla ya bandari kuhamia Malindi katika miaka ya 1920. Bustani ikafuata katika miaka ya 1930, na baada ya kuchakaa sana ikatengenezwa upya kwa msaada wa Shirika la Aga Khan na kufunguliwa mwaka 2009. Jioni vijana hujirusha baharini kwa mbwembwe, na moshi wa mishkaki hutanda. Mtu wa kipato kidogo apumzikapo pale huku akipiga hesabu kichwani, ya urojo bakuli ngapi na juisi ya miwa gilasi ngapi, si haki apangiwe bei kwa kutazamwa sura na mavazi. Bei ziandikwe katika kila meza, kwa Kiswahili, zisomeke. Vyoo vya umma navyo viwe safi na vifunguliwe hadi usiku, hasa siku hizo mbili. Mama mwenye mtoto mdogo anajua tunasema nini.

Lipo la usalama, nalo si dogo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit-el-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Msiba ule uliwafundisha wote kwamba kuta tunazozipenda zinaweza kuua. Familia zinazotembea Jumapili chini ya roshani kongwe zina haki ya kujua kuwa roshani hizo zimekaguliwa na wataalamu, na palipo na hatari pazibwe kabla ya kuanguka kitu.

Kadhalika, vespa na pikipiki zapita kwa kasi katika vichochoro ambavyo watu wawili wenye vikapu hupishana kwa taabu. Tungependa Baraza la Manispaa lijaribu, kwa miezi michache tu, kuvifunga vichochoro hivyo kwa vyombo vya moto tangu alasiri ya Jumamosi hadi Jumapili usiku, isipokuwa kwa kumpeleka mgonjwa hospitali. Wafanyabiashara watanung'unika mwanzoni. Sisi tunadhani watauza zaidi, maana mtu asiyekimbizwa na honi husimama dukani.

Limebaki suala la kurudi nyumbani. Gari za shamba hukatika mapema, na wengi wa wageni wetu wa vijijini huondoka wakati upepo wa Forodhani ndio kwanza unapoa. Anayechelewa hulala kwa jamaa, au hukodi gari kwa fedha aliyoiweka kwa matumizi ya wiki. Wizara inayohusika na usafiri na vyama vya wenye magari wanaweza kukaa pamoja juu ya hili bila ya kamati wala semina. Gari mbili zingetosha kwa kuanzia, moja ya kaskazini na moja ya kusini, zikiondoka mjini saa 4 usiku kila Jumamosi.