Kabla ya Kununua Giaboksi, Soma Kibati

Wanachuo wenzangu, semesta iliyopita nilichelewa kusajiliwa wiki tatu. Wengi mlidhani ni mambo ya bumu. Hapana. Ada yangu ilikuwa imelala chini ya mwembe huko Muleba, imefunikwa turubai. Ilikuwa imegeuka giaboksi isiyofaa kwa gari letu.

Iko hivi. Mzee wangu ana Land Cruiser 80 ya dizeli, injini 1HD-T, otomatiki. Viti vya nyuma vilitolewa zamani. Inashusha ndizi na kahawa kutoka Kamachumu kwenda Bukoba, inarudi na saruji. Siku hiyo ilibeba mifuko 12, yaani kilo 600, ikipanda kutoka Muhutwe. Katikati ya mlima injini ikaunguruma lakini gari halisogei. Kucheki mafuta ya giaboksi: meusi, yananuka kuungua.

Muuza spea mmoja akamwambia mzee, "Chukua hii, ni ya Land Cruiser 80, nzito kabisa." Na kweli ilikuwa ya Land Cruiser 80. Ila ilikuwa A343F, iliyotoka kwenye gari la petroli. Ilipoinuliwa ifungwe, matundu ya mbele hayakulingana na injini yetu. Pesa haikurudi.

Kinachoniuma ni kwamba jibu lilikuwa chini ya boneti muda wote. Toyota nyingi za zamani zina kibati chenye namba ya modeli, injini, rangi na, penye neno TRANS/AXLE, namba ya giaboksi. Chetu kinasomeka A442F. Herufi A ni otomatiki. Tarakimu ya pili ni idadi ya gia, hapa nne. Ukikuta A750F, ujue ni gia tano. F ya mwisho ni ya gari linalovuta magurudumu yote manne. Hiyo ni kazi ya nusu dakika, jamani, na sisi tulilipa ada nzima kwa kutoifanya.

Jina la gari halitoshi. Land Cruiser 80 za petroli zenye injini 1FZ-FE zilizouzwa Marekani mwaka 1993 na 1994 zilikuwa na A442F. Kuanzia 1995 zikaja na A343F. Bodi ileile, injini ileile, giaboksi tofauti.

Hata neno "nzito" halitoshi. Allison AT545 ilifungwa kwenye mabasi mengi ya shule huko Marekani, lakini toki konveta yake haina kufuli. Toki konveta hupitisha nguvu ya injini kwa kutumia mafuta. Pasipo kufuli, mafuta hayo yanaendelea kuteleza na kuzaa joto, na kwenye mlima mrefu joto ndilo linaloua giaboksi. Ndugu yake MT643 ina kufuli. Kwa hiyo usiulize uzito tu. Uliza pia kama ina kufuli, na kama kipozeo chake kinatosha kwa milima yetu.

Baadaye tulipata A442F, ikafungwa na fundi mmoja wa Bukoba. Kwanza alilinganisha umbo la sampu na bolti zake, maana kibati nacho hudanganya kama gari limeshabadilishwa injini. Akasafisha mabomba yanayopeleka mafuta kwenye rejeta, kwa sababu uchafu wa giaboksi iliyokufa huja kuua mpya. Akaongeza kipozeo kingine mbele ya rejeta. Mwisho akarekebisha waya unaotoka kwenye eksileta, kwani ukikaa vibaya gia hubadilika kwa presha isiyo sahihi.

"Shikamoo fundi. Haya yote umesomea wapi?"

"Marahaba. Waitu, nimesomea hapa hapa, uvunguni."

Wapo watakaosema: ng'oa otomatiki, funga gia za mkono. Si wajinga. Gia za mkono hutengenezeka karibu popote. Lakini hesabu vyote: klachi, pedali, flaiwili, na mara nyingi propela hukatwa au kurefushwa. Sisi tulipiga hesabu, ikakataa. Kwa mwingine inaweza kukubali. Muhimu ni kuipiga kabla ya kutoa pesa.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Kila mwaka watu wa uhandisi tunagombania fildi kwenye ofisi zenye kiyoyozi, tunarudi na ripoti safi na mikono safi zaidi. Gereji za Bukoba na Muleba tunaziita za mtaani. Fundi yule ana ujuzi ambao sijauona kwenye kozi yoyote, ila hana mtu wa kuuandika. Sisi tunajua kuandika, na tuna simu zenye kamera. Serikali yetu ya wanafunzi ipiganie gereji za wilayani ziingie kwenye orodha ya fildi, na kila atakayekwenda aache daftari: gari gani, injini ipi, giaboksi ipi ilikubali, ipi ilikataa na kwa nini.

Wakati tunasubiri hilo, likizo hii fungua boneti ya gari la nyumbani. Piga picha kibati, mtumie mzee, mwambie aitunze. Siku muuza spea atakapomwambia "hii inaingia", awe na namba ya kumwonyesha.