Sebule Ipate Mwanga Kwanza

Mwezi huu tunawakaribisha sebuleni kwetu. Tunawakaribisha bila haya, ingawa miaka michache iliyopita tusingethubutu.

Sebule yetu ilikuwa na giza. Kuta tulizipaka rangi ya mafuta, kijani kilichokolea, kutoka chini hadi usawa wa bega, kwa sababu watoto walikuwa wadogo na tulitaka rangi inayoficha uchafu. Juu yake palikuwa na krimu iliyokwisha kugeuka rangi ya moshi. Mapazia yalikuwa mazito, ya damu ya mzee. Tuliyanunua kwa kujibana, basi hatukuyafungua yasije yakapaushwa na jua. Makochi ya kahawia, stuli za kahawia, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa nta. Mgeni akitoka juani alisimama kwanza mlangoni, akisubiri macho yazoee.

Mama mkwe alipokuja kukaa nasi, siku ya kwanza tu aliuliza, "Mwanangu, humu kwenu huwa kunapambazuka?" Tulicheka sote. Wiki ya pili hatukucheka. Akitoka chumbani saa nne asubuhi alijikwaa kwenye stuli, akaanguka na kuteguka kifundo cha mkono. Tunamshukuru Mungu kwamba picha haikuonyesha mfupa uliovunjika. Lakini sisi wauguzi, ambao kila siku tunawaonya wazee wasianguke, tulimfunga bandeji mama yetu katika sebule yetu wenyewe.

Tulijua sababu. Mboni ya mzee huwa ndogo, na lenzi ya jicho lake huanza kuwa na ukungu na umanjano. Mtu wa miaka 60 huhitaji mwanga mwingi kuliko kijana wa miaka 20 ili aone kitu kilekile. Tena rangi zinazokaribiana humchanganya. Stuli ya kahawia juu ya sakafu nyekundu, pazia likiwa limefungwa, kwake haikuwapo kabisa.

Baba watoto aliposikia tunataka kubadilisha sebule, alidhani tunaomba makochi mapya. Tulimwambia makochi yatabaki. Tunachotaka ni mwanga.

Tulianza bila pesa

Siku ya Jumamosi tulishusha mapazia, tukafua wavu wa mbu wa madirishani na kuosha vioo ndani na nje. Wavu uliojaa vumbi huzuia mwanga kama kitambaa. Kabati la vyombo, ambalo liliziba nusu ya dirisha la mashariki, tulilisukuma hadi ukuta wa ndani. Nje tulipunguza matawi ya mpera yaliyolalia dirisha. Kwa kazi hiyo moja, watoto waliweza kusoma mezani saa kumi na moja jioni bila kuwasha taa.

Mapazia mazito hatukuyatupa. Tuliyahamishia dirisha la magharibi, ambako jua la alasiri ni kali. Mashariki tuliweka kitambaa chepesi cheupe.

Rangi ya ukuta

Tuliwahi kufanya kosa la kuchagua rangi ya ukuta kwanza, kisha tukazunguka sokoni tukitafuta kitambaa cha kufanana nayo. Safari hii tulianza na kitambaa. Fundi anaweza kuichanganya rangi ikolee au ififie, lakini kitambaa utakichukua kama kilivyo.

Kuta zetu sasa ni za krimu na dari ni nyeupe. Dari nyeupe husaidia kuliko wengi wanavyodhani, kwani mwanga unaoingia dirishani huipiga na kurudi chini chumbani. Rangi iliyokolea huumeza. Chumba chetu ni cha mita nne kwa nne, na ndoo ya lita 20 ya rangi ya maji ilitosha kuta na dari, mikono miwili, ikabaki kidogo ya kurekebishia alama za vidole.

Hapa tunaomba mtusikilize kama wauguzi. Rangi ya maji haishiki vizuri juu ya rangi ya mafuta inayong'aa, kwa hiyo ukuta lazima upigwe msasa na kupakwa rangi ya msingi. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za zamani, zina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Tumieni msasa wa maji ili vumbi lisiruke. Watoto na mama mjamzito wasiwepo kabisa. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe kavu. Mnaponunua rangi mpya, ulizeni isiyo na risasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi sehemu 90 kwa milioni.

Kwa mwenye ukuta ambao haujapakwa mafuta, chokaa ni nafuu na hung'aa. Lakini chokaa huunguza. Ikiingia jichoni, osheni kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nendeni hospitali.

Mito ya kanga

Kuta zikishatulia, rangi kali kidogo tu hutosha. Tulichagua kanga ya njano na buluu, tukashika rangi hizo mbili pamoja na krimu. Rangi tatu zinatosha. Zikizidi, sebule inakuwa kama kibanda cha mnadani.

Kanga moja ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110. Ifueni kwanza peke yake, maana huchuja rangi na kupungua. Kisha kateni vipande vitatu vya upana wa sentimita 45, kila kimoja kiende upana wote wa kanga. Kila kipande kinatoa foronya moja ya mto wa sentimita 40, ncha zikipandana nyuma, bila zipu wala vifungo. Doti moja, basi, inatoa mito sita.

Someni maneno ya kanga kabla ya kukata. Mama mkwe ndiye aliyetuokoa. Tulikuwa tumeshanunua doti nzuri sana ya rangi, akasoma jina lake na kuuliza, "Fumbo hili mnampigia nani, mimi?" Tuliirudisha dukani siku ileile.

Zile stuli za kahawia tulizivika vitambaa vya njano. Vinapendeza, lakini hasa vinaonekana. Kidato cha mlangoni tulikipaka mstari mweupe.

Mwisho, maua. Tuliweka chupa mbili zenye matawi ya mmea wa kutambaa. Maji yake yamwagwe na chupa isuguliwe kila baada ya siku chache, na visahani vya chini ya vyungu viwe vikavu. Mbu wa homa ya dengue, iliyotusumbua hapa Tanzania mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana katika maji machache yaliyotuama majumbani.

Wapendwa, kwa miaka mingi tuliitunza sebule kwa ajili ya mgeni ambaye huja mara moja kwa mwezi, na tunaoishi humo tukapapasa gizani. Mapazia yasipaushwe, rangi isionyeshe uchafu, na mama akaanguka. Leo krimu inaonyesha kila kidole cha mtoto, nasi tunaifuta kwa maji ya sabuni Jumamosi.

Mama mkwe amejichagulia kiti cha dirisha la mashariki. Asubuhi huchambua mchele hapo. Zamani tulikuwa tunaurudia kimyakimya jikoni, tusimwambie. Sasa hatuurudii.

Tuonane mwezi ujao.