Makauboi Weusi Waliofutwa na Hollywood

Kwa zaidi ya nusu karne Hollywood iliuuzia ulimwengu hadithi moja: kwamba magharibi ya Marekani ilifunguliwa na Mzungu peke yake, yu juu ya farasi, bastola kiunoni. Katika hadithi hiyo Mweusi alikuwa mpishi, mtumishi au mchekeshaji; na mara nyingi hakuwapo kabisa. Hadithi hiyo ni ya uongo, na uongo wake haukutokana na ujinga.

Historia yenyewe i wazi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865, maelfu ya watu waliotoka utumwani walikwenda kuchunga ng'ombe katika Texas na majimbo ya jirani. Wanahistoria hawakubaliani juu ya idadi, lakini wako wanaokadiria kwamba makauboi Weusi walifikia mmoja kati ya kila wanne. Nat Love, aliyezaliwa mtumwa katika Tennessee, aliandika kitabu juu ya maisha yake ya ukauboi, kikachapishwa mwaka 1907. Bass Reeves, naye mtumwa wa zamani, alilinda sheria kama ofisa wa serikali ya Marekani tangu mwaka 1875 hadi 1907. Nani katika watazamaji wa filamu za John Wayne aliyepata kuyasikia majina hayo?

Watetezi wa Hollywood hudai kwamba watengenezaji wa zama hizo hawakujua. Dai hilo halisimami. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Bill Pickett, kauboi Mweusi mashuhuri kwa kumwangusha fahali kwa mikono yake, alionyeshwa katika filamu iitwayo The Bull-Dogger. Tangu mwaka 1937 hadi 1939 Herb Jeffries aliigiza kauboi shujaa katika filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya watazamaji Weusi, waliobaguliwa hata katika majumba ya sinema. Waigizaji walikuwapo, hadithi zilikuwapo, na watazamaji walikuwapo. Kilichokosekana ni nia. Ndiyo maana mwaka 1951, katika filamu Tomahawk, mhusika aliyetokana na Jim Beckwourth, mvumbuzi wa njia za milimani aliyezaliwa na mama mtumwa, aliigizwa na Jack Oakie, Mzungu.

Mtu atauliza: je, Woody Strode hakupewa nafasi? Alipewa, na namna alivyopewa ndiyo ushahidi. Mwaka 1960 John Ford alimfanya kuwa mhusika mkuu wa Sergeant Rutledge, askari Mweusi anayesingiziwa kubaka na kuua. Filamu inabeba cheo na jina la mhusika wake, lakini katika orodha ya waigizaji Jeffrey Hunter na Constance Towers walitangulia. Miaka miwili baadaye, katika The Man Who Shot Liberty Valance, Strode huyo huyo alikuwa Pompey, mtumishi wa John Wayne. Yumo darasani, mtu mzima, akijaribu kukariri Tangazo la Uhuru wa Marekani. Anafika penye usawa wa binadamu, anasahau. Mwalimu anamwambia kwamba wengi husahau sehemu hiyo. Kisha bwana wake anaingia na kumwamuru arudi kazini. Ford aliujua ukweli, akautia katika dakika chache, kisha akairudisha hadithi mikononi mwa wenyewe.

Hata hivyo, dawa si kumvika Mweusi kofia ya shujaa na kuacha mengine yote kama yalivyo. Vikosi vya askari Weusi vilivyoundwa mwaka 1866 vilitumwa pia kupigana na wenyeji wa asili waliokuwa wakinyang'anywa ardhi yao. Rutledge anathibitisha utu wake kwa kulitumikia jeshi hilo, na filamu haiulizi ni kwa faida ya nani. Mnyonge aliyepewa bunduki ya kumpiga mnyonge mwenzake hajakombolewa. Mwaka 1972 Sidney Poitier, akiongoza na kuigiza pamoja na Harry Belafonte katika Buck and the Preacher, alionyesha njia nyingine: Weusi wanaokimbia dhuluma ya kusini wanakutana na wenyeji wa asili, na adui wa wote wawili anaonekana kwa jina lake.

Jambo hili linaihusu Afrika pia. Katika miaka ya 1940 na 1950 vijana wa miji ya migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, walimiminika kutazama filamu za makauboi na kuiga mavazi yao. Maofisa wa kikoloni waliogopa kwamba vijana hao wangejifunza uhalifu. Hatari kubwa zaidi ilikuwa kwamba kijana Mwafrika alifundishwa kumshangilia shujaa ambaye lazima awe Mzungu, na kuamini kwamba watu wa rangi yake hawakuwapo historia ilipotengenezwa.

Wanaosema kwamba sinema ni burudani tu hawajafikiri sawasawa. Burudani hufundisha kuliko kitabu, kwa sababu mtu huipokea bila kujihadhari. Filamu hizo bado zinaonyeshwa na bado zinasifiwa. Hakuna haja ya kuzipiga marufuku. Mwalimu anayezungumza na wanafunzi wake juu yake na awatajie Nat Love, Bass Reeves na Bill Pickett. Kisha awaulize ni nani aliyefaidika kwa kutowataja.